Je, wakulima wa bonde la Queyras waliwahi kuwa na jamhuri yao?

Swali la msomaji: "Nimesoma kwamba katika milima ya Alps, mpakani mwa Ufaransa na Italia, palikuwa na 'Jamhuri ya Escartons' iliyoendeshwa na wakulima na wafugaji wenyewe kwa zaidi ya miaka 400, bila mfalme wala kabaila. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, watu wa kawaida waliwezaje kujipatia uhuru huo ilhali sehemu kubwa ya Ulaya ilikuwa chini ya mabwana? Kwa nini uliisha?"

Ndugu msomaji, uliyoyasoma yana ukweli mwingi, lakini jina "jamhuri" limebandikwa na watu wa baadaye waliovutiwa na simulizi hiyo. Wakulima hao walikuwa na mtawala tangu mwanzo hadi mwisho: kwanza Dauphin wa Viennois, yaani mtawala wa nchi ya Dauphiné, kisha wafalme wa Ufaransa. Hawakuwahi kujitangazia dola, na kama ungewauliza wao ni raia wa jamhuri gani, nadhani wasingekuelewa. Walichokuwa nacho ni mkataba. Neno lenyewe "escarton" linatokana na kitendo cha kugawanya, yaani kupangiana nani alipe kiasi gani katika mzigo mmoja uliowaangukia wote, kwa hiyo Kiswahili chake cha karibu ni "mgawo". Anayetaka kuifahamu historia hii kwa usahihi hana budi kuanzia kwenye kodi, kwa sababu uhuru wao ulizaliwa katika kodi, ukatunzwa kwa hesabu za kodi, na hatimaye ukafutwa pamoja na kodi hiyo.

Escartons zilikuwa tano: Briançon, Queyras, Oulx, Pragelato na Casteldelfino, ambayo kwa Kifaransa huitwa Château-Dauphin. Kwa pamoja zilikusanya jumuiya zipatazo 50 za vijiji na miji midogo, na wajumbe wao walikutana Briançon katika mkutano ulioitwa Escarton Kuu. Nikizieleza zote tano jibu hili litakuwa kitabu, kwa hiyo nitajikita katika moja, Queyras, ambayo ni bonde lililojifungia kiasi kwamba mtu huweza kuifuatilia historia yake kama anayefuatilia ukoo mmoja.

Bonde hilo limechimbwa na mto Guil, ambao huanzia chini ya mlima Monviso wenye mita 3,841 na kuteremka kuelekea magharibi mpaka kuungana na mto Durance. Kabla ya kufika huko, mto hupita katika korongo jembamba lenye kuta za mawe pande zote mbili, na kwa karne nyingi njia ya korongo hilo ilikuwa ya kuogopwa kwa sababu ya mafuriko, mawe yanayoanguka na maporomoko ya theluji. Jambo ambalo msomaji wa leo anaweza kulisahau, kwa kuwa ramani zetu zimezoea kuchora mpaka juu ya vilele, ni kwamba watu wa Queyras mara nyingi waliona njia za juu kuwa karibu nao kuliko mlango wa bonde lao. Kwa kupitia njia ya Agnel, yenye mita 2,744, walishuka hadi bonde la Varaita na kuwakuta watu wa Casteldelfino, waliosema Kioksitani kama wao. Kwa njia ya Izoard walifika Briançon, na kwa njia ya La Croix walifika bonde la Pellice. Mlima kwao ulikuwa daraja. Mwaka 1479 na 1480 mtawala wa Saluzzo, Ludovico II, alichimbisha pango la kupitia chini ya njia ya Traversette, karibu mita 2,900 juu ya usawa wa bahari na lenye urefu wa takriban mita 75, ili nyumbu waliobeba chumvi kutoka Provence, kusini mwa Ufaransa, wapite bila kupanda hadi juu kabisa. Pango hilo huhesabiwa kuwa la kwanza kutoboa milima ya Alps, na wapanda milima hulipita hadi leo wakiwa wameinama.

Sasa nirudi kwenye mkataba. Mwaka 1343 Dauphin alikuwa Humbert II, mtu aliyependa fahari kuliko mfuko wake ulivyoruhusu. Madeni yalikuwa yamemzidi, na mwanawe wa pekee alikuwa amefariki akiwa mdogo, kwa hiyo hakuwa na mrithi. Mwaka huohuo alikuwa tayari amefanya mapatano na mfalme wa Ufaransa kuhusu nani angeichukua nchi yake baada yake. Kwa wakuu wa jumuiya za milimani hali hiyo ilikuwa ya hatari na ya neema kwa wakati mmoja. Ya hatari, kwa sababu bwana mpya angeweza kuja na masharti mapya. Ya neema, kwa sababu bwana wa sasa alihitaji fedha taslimu kwa haraka. Wahenga wetu walisema mkono mtupu haulambwi, nao hawakwenda mikono mitupu: waliahidi florini 12,000 za dhahabu, pamoja na malipo ya dukati 4,000 kila mwaka, ambayo jumuiya zote zingewajibika kuyalipa kwa pamoja. Tarehe 29 Mei 1343 hati ilitiwa saini katika ngome ya Beauvoir.

Hati hiyo iliwapa nini? Iliwaondolea mlolongo wa tozo na utumishi wa kikabaila na kuweka mahali pake lile fungu moja la kila mwaka. Iliwatambua kuwa watu huru wenye haki ya kumiliki, kuuza na kurithisha ardhi. Iliwaruhusu kukutana bila kuomba ruhusa ya ofisa wa bwana, kuchagua viongozi wao walioitwa makonsuli (wasichanganywe na wawakilishi wa kibalozi wa siku hizi), na kujigawia kodi wenyewe. Hilo la mwisho ndilo lililobeba mengine yote. Mtawala aliyekubali kupokea kiasi kimoja kutoka kwa kundi zima hakuwa tena na sababu ya kutuma mtoza kodi aingie zizini mwa mtu kuhesabu kondoo, na kijiji kilichojihesabia kondoo wake chenyewe kilijifunza kujitawala katika mengine pia.

Umeuliza waliwezaje. Naongeza sababu mbili zaidi ya madeni ya Humbert. Ya kwanza ni kwamba makabaila wadogo walikuwa dhaifu katika mabonde hayo ya juu, na Dauphin mwenyewe ndiye aliyekuwa bwana wa moja kwa moja wa sehemu kubwa, kwa hiyo watu walijadiliana na mtu mmoja tu. Ya pili ni kwamba jumuiya zilikuwapo tayari kabla ya hati. Palipo na baridi ya miezi 6 au 7, hakuna familia inayoweza peke yake kutunza msitu unaozuia maporomoko ya theluji, kuchimba mfereji wa maji, kutengeneza daraja na kulinda malisho ya juu. Watu walikuwa wamezoea kuketi pamoja na kugawana kazi, na kugawana kodi kukawa ni kuendeleza desturi.

Miaka sita baadaye, 1349, Humbert aliiuza nchi yote kwa Ufaransa, akaingia utawani kwa Wadominika, na tangu hapo mrithi wa kiti cha mfalme wa Ufaransa akaitwa Dauphin. Hapa ndipo thamani ya karatasi ilipoonekana. Mfalme aliirithi nchi pamoja na ahadi zake, na kila alipoingia mfalme mpya jumuiya zilipeleka wajumbe kuomba hati ithibitishwe upya. Shughuli hiyo ilikuwa na gharama na safari ndefu, nazo gharama hizo, bila shaka, ziligawanywa.

Kazi ya kila siku ya Escarton haikuwa na utukufu wowote, na ndiyo maana mimi huipenda. Chukua mfano wa jeshi. Briançon iko chini ya njia ya Montgenèvre, mojawapo ya njia rahisi za kuvukia Alps kuelekea Italia, na mfalme yeyote wa Ufaransa aliyetaka vita Italia aliitamani njia hiyo. Charles VIII alipoivuka mwaka 1494 pamoja na askari na mizinga yake, farasi walihitaji majani, askari mkate, na mizinga watu wa kuivuta. Kijiji kilichokaa kando ya njia kingeangamia kama kingeachiwa mzigo huo peke yake. Utaratibu wa mgawo ulifanya hasara ya kijiji cha njiani ihesabiwe, iandikwe, na sehemu yake ilipwe na vijiji vya mbali ambavyo havikumwona hata askari mmoja. Ugomvi haukukosekana: kila jumuiya ilijiona imepangiwa kingi, na kesi kati ya bonde na bonde zilidumu miaka.

Queyras ilikuwa na jumuiya saba: Abriès, Aiguilles, Arvieux, Château-Ville-Vieille, Molines, Ristolas na Saint-Véran. Ceillac, ambayo mgeni wa leo huihesabu kuwa sehemu ya Queyras, haikuwamo, kwa kuwa ilikuwa chini ya askofu mkuu wa Embrun. Nyaraka za bonde zilihifadhiwa Ville-Vieille katika kabati lenye makufuli manane. Kila jumuiya ilishika ufunguo mmoja, na wa nane alikuwa nao katibu, kwa hiyo kabati halikufunguka mpaka wote wawepo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na watu hawa walijua kwamba mali yao kubwa kuliko ng'ombe na mashamba ilikuwa ni yale maandishi.

Ndiyo maana walijali sana kusoma. Mkulima aliyetakiwa kuwa konsuli, kukagua hesabu na kumjibu ofisa wa mfalme kwa hoja za kisheria hakuweza kuwa mbumbumbu. Wakati wa baridi, theluji ilipofunika kila kitu na kazi ya shamba ikasimama, watoto walifundishwa, na kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa eneo hili lilikuwa miongoni mwa sehemu za nchi zilizokuwa na watu wengi wanaojua kusoma na kuandika. Walimu walizidi mahitaji hata wakawa wanateremka kwenda Provence kutafuta ajira ya msimu. Inasimuliwa kwamba katika magulio ya vuli walijipanga wakiwa na manyoya ya ndege katika kofia: unyoya mmoja kwa anayefundisha kusoma na kuandika, miwili kwa anayeongeza hesabu, mitatu kwa anayejua na Kilatini.

Tusiwapambe kupita kiasi, hata hivyo. Waliopiga kura walikuwa wakuu wa kaya, maana yake wengi mno wao walikuwa wanaume, na mara nyingi uongozi ulizunguka katika mikono ya familia zenye ardhi na ya waandishi wa hati za kisheria. Mtu wa nje aliyehamia kijijini hakupewa haki ya malisho na kuni kama mwenyeji. Jumuiya ililinda watu wake kwa ukali, na ukali huo ulikuwa na upande wa pili kwa asiyekuwa wake.

Maisha yenyewe huonekana vizuri zaidi Saint-Véran, kijiji kilichoko mita 2,040 juu ya usawa wa bahari, ambacho wenyeji hujivunia kwa kusema kwamba majogoo wake hudonoa nyota. Juu yake, kwenye miteremko ya Clausis, watu walichimba shaba tangu Enzi ya Shaba, kwa hiyo urefu huo haukuwatisha hata wakati huo. Nyumba za zamani zina sakafu ya chini ya mawe na ghala kubwa la magogo juu yake, na katika miezi ya baridi familia ililala chumba kimoja na ng'ombe wake kwa ajili ya joto, desturi iliyofika mpaka karne ya 20. Nafaka ya rai, jamaa ya ngano inayostahimili baridi, mara nyingi ilivunwa kabla haijakauka na kumaliziwa kukaushwa kwenye roshani zinazoelekea jua. Kwa kuwa mbao nyingi kiasi hicho ni hatari, kijiji kiligawanywa katika mitaa mitano iliyoachana kwa nafasi, ili moto ukishika mtaa mmoja usirukie mwingine, na kila mtaa ulikuwa na chemchemi na tanuri lake la mkate. Ukitazama mpango huo kwa makini utaona ni mgawo uleule, safari hii wa hatari badala ya kodi.

Malisho ya juu yalikuwa mali ya jumuiya, na sehemu yake ilikodishwa kila kiangazi kwa makundi ya kondoo kutoka Provence, ambako nyasi za tambarare hukauka. Kodi ya malisho hayo iliingia katika mfuko wa pamoja na kusaidia kulipia yale malipo na gharama nilizozitaja. Mashamba ya upande unaopigwa jua yalihitaji maji, kwa sababu Queyras ni bonde kavu kuliko jirani zake wa kaskazini, hivyo mifereji ilikatwa kando ya miteremko na zamu za maji zikapangwa.

Dini ndiyo iliyokaribia kulivunja bonde. Mafundisho ya Kiprotestanti yalienea sana Queyras katika karne ya 16, yakikutana na Wavaldensia, Wakristo waliojitenga na Kanisa Katoliki tangu zamani, waliokuwa wamekita mizizi ng'ambo ya vilele, na Arvieux, Molines na Saint-Véran zikawa na waumini wa pande zote mbili. Amri ya Nantes ya mwaka 1598 iliwapa Waprotestanti ruhusa ya kuabudu. Mfalme Louis XIV alipoifuta mwaka 1685, wengi walivuka milima kwenda Uswisi na nchi za Kijerumani, na waliobaki walijifanya Wakatoliki au waliabudu kwa siri. Mkataba wa 1343 haukuwakinga, kwa maana ulihusu ardhi, kodi na mikutano, wala haukusema lolote kuhusu dhamiri ya mtu. Imani hiyo haikufa, na katika miaka ya 1820 kijana kutoka Geneva, mchungaji Félix Neff, aliyafikia mabaki yake Arvieux na mabonde ya jirani, akahubiri, akafundisha walimu, na akashika sururu mwenyewe kuonyesha namna ya kunyweshea mashamba na kupanda viazi. Alifariki mwaka 1829, akiwa na miaka 31, afya yake ikiwa imeharibika.

Pigo la kisiasa lilikuwa limekuja kabla ya hapo. Mwaka 1692 mtawala wa Savoy, dola jirani ya upande wa Italia, Victor Amadeus II, aliivamia Dauphiné, akauteka mji wa Embrun na kuuchoma mji wa Gap. Louis XIV akamtuma mhandisi wake Vauban, ambaye mwaka 1693 alianzisha ngome ya Mont-Dauphin pale Guil inapoingia Durance, na ngome ya zamani ya Château-Queyras ikaimarishwa. Mlima ulikuwa umeanza kugeuzwa ukuta. Katika mkataba wa Utrecht wa mwaka 1713, wanadiplomasia waliamua kwamba mpaka ufuate mgawanyiko wa maji: upande ambao mito huteremkia Ufaransa ubaki Ufaransa, na upande wa Italia uende Savoy. Escartons tatu kati ya tano, yaani Oulx, Pragelato na Casteldelfino, zilikatwa. Ufaransa ilipewa bonde la Ubaye, lenye mji wa Barcelonnette, kuwa fidia. Ninaona uamuzi huu kuwa ndio mwisho halisi wa Escartons kama umoja, ingawa vitabu vingi hutaja mwaka wa baadaye. Kanuni ya maji yanayoteremka huonekana ya kiakili ukiwa mezani na ramani, lakini iliwatenganisha watu ambao kwa karne tatu na nusu walikuwa wamelipa deni moja. Baada ya miaka 31 tu, mwaka 1744, majeshi yalipigana karibu na Casteldelfino, na mwaka 1747 kwenye miinuko ya Assietta, kati ya mabonde ya Oulx na Pragelato.

Queyras na Briançon ziliendelea na hati yao chini ya Ufaransa kwa miaka mingine 76. Kisha ukaja usiku wa tarehe 4 Agosti 1789, ambapo bunge la Mapinduzi lilifuta haki zote maalumu katika nchi. Hati ya 1343, kisheria, ilikuwa haki maalumu, hata kama ilinunuliwa na wakulima ili kujikomboa na ukabaila uleule ambao wabunge walikuwa wakiuzika. Mwaka 1790 mkoa wa Hautes-Alpes ulianzishwa, na kila kijiji kikawa manispaa kama manispaa nyingine yoyote ya Ufaransa, bila baraza la bonde juu yake.

Karne mbili zilizofuata zilipunguza watu. Kutoka Aiguilles walikwenda Amerika ya Kusini, na waliofanikiwa walirudi kujenga nyumba za kifahari ambazo bado zinaonekana katikati ya kijiji. Ubaye, lile bonde la fidia, lilituma wake Mexico. Vita vya Pili vya Dunia viliibomoa Ristolas, na mafuriko ya Guil ya Juni 1957 yalibeba madaraja, barabara na mashamba. Leo Queyras ina wakazi wasiofika 3,000, wengi wao wakiishi kwa utalii na mifugo, na tangu 1977 ni hifadhi ya mazingira ya kikanda. Vijiji vilipoungana tena kuendesha huduma zao kwa pamoja, vilichagua kujiita Escarton ya Queyras, jina lililotumika hadi 2017 walipounganishwa na majirani wa Guillestre.

Umeuliza pia, mwishoni mwa barua yako, kama watu wa pande mbili za mpaka bado wanajuana. Wanajuana. Upande wa Italia, Kioksitani kinatambuliwa na sheria ya mwaka 1999 kuhusu lugha za wachache, na wazee wa Varaita wanaweza kutaja majina ya vijiji vya Queyras kwa matamshi ambayo ramani ya Kifaransa haiyajui. Barabara ya lami inavuka njia ya Agnel kutoka Molines hadi Pontechianale, lakini theluji ikianza huifunga, na haifunguliwi mpaka kiangazi kinapokaribia.